Nina miaka 64 na bado nafanya mazoezi ya pool kila alfajiri: ninavyofanya, na dereva wa lori aliyenifundisha pale Malaba

Karani wa Mpakani (Tororo)

Ndugu zangu, salaam. Juzi kijana mmoja wa Busia aliuliza humu kama mtu aliyevuka sitini anaweza bado kucheza pool ya maana (ule mchezo wa mezani ambao unaupiga mpira mweupe kwa fimbo ili uitie mipira ya rangi mashimoni), au akae tu kwenye benchi na kusimulia ya zamani. Nilianza kumjibu, jibu likarefuka, nikaona bora nimfungulie uzi wake.

Nilikuwa karani wa wakala wa forodha Malaba kwa miaka mingi. Waliouona mpaka ule zamani, kabla Kenya na Uganda hazijaanza kukagua mizigo mahali pamoja, wanaikumbuka foleni. Lori linatoka Mombasa, karatasi zinakaguliwa upande wa Kenya, likivuka zinakaguliwa tena upande wetu, na ikikosekana muhuri mmoja dereva analala hapo siku mbili, siku tatu. Cha kupitishia muda kilikuwa chai, usingizi chini ya trela, malwa, yaani pombe ya kienyeji, kwa wanaokunywa, na mwishoni mwa miaka ya 90 ikaja meza ya pool.

Yangu ya kwanza niliiona mwaka 1999 kwenye baa ya mabati, hatua chache kutoka barabarani. Sarafu ya shilingi 200 ilikuwa bado ngeni mkononi, maana ilitoka mwaka 1998. Unaiweka kwenye kitelezi, unasukuma, mipira inaporomoka ndani ya tumbo la meza. Mlio ule nikiusikia hata leo, popote nilipo, nageuza shingo. Mshindi alibaki mezani, na aliyetaka kumtoa aliweka sarafu yake ukingoni na kungoja zamu. Jumamosi jioni ungekuta sarafu saba, nane zimepangwa kama watoto wa shule mstarini, na kila mtu anaijua yake.

Mimi nilikuwa mpigaji wa nguvu. Mpira ukiingia shimoni ulikuwa unaingia kwa kishindo hadi watu wanashangilia, na mimi nilizipenda zile kelele. Nilijihesabu miongoni mwa watatu bora wa pale.

Siku moja akaja dereva wa lori la mafuta, mtu wa Pwani, Kiswahili chake laini hata akikukatalia jambo unadhani amekubali. Jina lake silitaji kwa kuwa sikuwahi kumwomba ruhusa. Alinifunga michezo tisa mchana mmoja, na katika tisa hiyo hakupiga hata mmoja kwa nguvu. Mipira yake ilikuwa inafika shimoni imechoka, inadondoka. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba hakuwahi kuwa na mpigo mgumu. Kila mara mpira wake uliofuata ulikuwa hapo hapo, karibu, umenyooka na shimo.

Nilipomwuliza, alitoa sarafu ya mia mfukoni akailaza juu ya kitambaa cha meza. Akaniambia: "Karani, wewe unacheza na ile kumi na mitano ya rangi. Mimi nacheza na huu mmoja mweupe. Tia mpira wako shimoni, halafu nyeupe ije isimame juu ya sarafu hii." Nilijaribu mara ishirini. Ilisimama juu ya sarafu mara moja, na hiyo ilikuwa bahati.

Karatasi zake zilichelewa siku nne. Siku nne hizo ndizo darasa langu lote la pool. Nitaendelea jioni na mazoezi yenyewe.

Boda wa Arua

Mzee, heshima yako. Tunangoja hayo mazoezi. Huku kwetu meza ni 500 kwa mchezo, kwingine 1,000. Mtu wa kawaida atafanyaje mazoezi kila siku bila kufilisika?

Karani wa Mpakani

Kijana wangu, umeuliza swali la kwanza kabisa. Meza hizi mara nyingi si za mwenye baa. Mwenye meza ni mtu mwingine, anapita na ufunguo, wanafungua kisanduku, wanagawana sarafu. Kwa hiyo usimbembeleze mwenye baa peke yake. Zungumza na mwenye meza. Mwambie utafika alfajiri wakati hakuna mteja, utapiga brashi kitambaa, utafuta mipira, utamwambia mguu wa meza ukilegea. Mimi ndivyo nilivyokubaliwa. Na kama hataki kukuachia ufunguo, lipa mchezo mmoja tu, kisha ziba mashimo yote sita kwa soksi kuukuu au vitambaa vilivyokunjwa. Mpira unaingia, unakaa mdomoni mwa shimo, unautoa kwa mkono. Kwa sarafu moja utapiga saa nzima. Lakini mwombe mwenyewe kwanza, usifanye kwa kujificha.

Sasa mazoezi. Nafika saa kumi na mbili na nusu, natoka saa mbili kabla jua halijachoma mabati.

Naanza bila mpira wowote. Nalaza chupa tupu ya soda juu ya meza, mdomo ukinielekea, na kuipitisha ncha ya fimbo ndani ya mdomo ule, mbele na nyuma, polepole, bila kugusa kioo. Mara mia moja. Watu wakiniona wananihurumia, lakini hapa ndipo mkono unaposema ukweli. Kama umeinamia fimbo vibaya, kama bega limekaza, kioo kitalia. Katika umri wangu mkono wa leo si ule wa jana, na lazima niujue kabla sijaanza kuulaumu mpira.

Kisha mipigo hamsini iliyonyooka. Nyeupe, mpira wa rangi na shimo, vyote kwenye mstari mmoja, umbali wa nusu meza. Kazi ni kuutia mpira na nyeupe isimame palepale ilipogonga. Isisonge mbele, isirudi. Naandika idadi kwenye daftari. Leo asubuhi ilikuwa 38.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu meza za sarafu. Kwenye nyingi, nyeupe ni ndogo kuliko mingine, ili meza iweze kuitenga na kuirudisha ikitumbukia. Kipenyo chake ni kama milimita 47.6, na ya rangi ni 50.8. Tofauti inaonekana ndogo kwa macho, lakini kwa uzito nyeupe inakuwa pungufu kwa karibu moja ya tano. Kitu chepesi kikigonga kizito hurudi kidogo chenyewe. Kwa hiyo ukiipiga kwa namna inayoweza kuisimamisha kwenye meza ya mipira iliyo sawa, hapa itarudi kiasi cha vidole viwili. Wapigaji wazuri wanaliona hili wakidhani ni kosa lao. Igonge nyeupe juu kidogo tu, unywele, na itasimama.

Baada ya hapo ndipo sarafu ya mia inapoingia. Naitupa mezani bila kuangalia inapoangukia, naweka mpira wa rangi karibu na shimo, na lazima nyeupe imalizie kwenye sarafu, au ndani ya upana wa kiganja kutoka kwake. Mipigo ishirini. Zoezi hili linakulazimisha kujua njia ambayo nyeupe inachukua baada ya kugonga. Ikiwa inateleza bila kubingirika wakati wa kugonga, itaondoka kwa pembe inayokaribia mraba na njia ya ule mpira mwingine, kama kona ya daftari. Ikiwa inabingirika na umegonga nusu ya mpira, inaachana na njia yake ya awali kwa nyuzi thelathini na kitu, kama vidole viwili ulivyovipanua kwa alama ya ushindi. Yule dereva hakuwa na maneno haya. Alikuwa anaweka mkono juu ya kitambaa, anapanua vidole, anasema "itapita hapa", na inapita hapo.

Namalizia kwa mipira mitatu. Naitawanya ovyo, naiweka nyeupe popote ninapotaka, naimaliza yote bila kukosa. Nikifanikiwa mara tatu mfululizo naongeza wa nne. Nikikosa narudi kwenye mitatu. Kuna wiki sijavuka mitatu kabisa.

Mwalimu wa Mbale

Mzee, nakuheshimu, na maelezo yako ni mazuri. Lakini niruhusu niseme. Mimi nafundisha, na saa nne asubuhi napita kwenye senta nawakuta vijana wenye nguvu wamezunguka meza hizi, jembe liko nyumbani. Polisi wakija wanatawanyika, wakiondoka wanarudi. Wengine wanacheza kwa pesa. Tunapousifu mchezo huu hadharani, tunawasaidiaje?

Karani wa Mpakani

Mwalimu, hili nilikuwa nalikwepa. Umeniuliza kwa adabu, nitakujibu kwa ukweli.

Mwaka 2003 nilicheza kwa pesa usiku mmoja na mfanyabiashara aliyekuwa akingoja kontena lake. Nilianza kushinda. Alinipandishia dau, nikakubali. Saa saba usiku nilikuwa nimepoteza ada ya muhula ya binti yangu wa kwanza, pesa iliyokuwa kwenye bahasha mfukoni kwa sababu asubuhi nilipaswa kuipeleka shuleni. Yule mtu hakuniibia. Mimi ndiye niliyeitoa bahasha.

Binti alikaa nyumbani wiki mbili hadi nilipokopa. Hakuniuliza kitu. Alikuwa anafagia uwanja asubuhi akiwa amevaa sare, maana hakuelewa kwamba haendi, au alielewa na alitumaini. Sikuwahi kuisahau ile sare.

Tangu usiku ule sijacheza kwa shilingi hata moja, na aliyewahi kuniona mezani Malaba au Tororo baada ya hapo atashuhudia. Miaka miwili sikushika fimbo kabisa. Niliporudi nilirudi alfajiri, peke yangu, na sarafu ya mia iliyolala juu ya kitambaa. Kwa hiyo sisemi kwamba meza haina madhara. Vijana unaowakuta saa nne, mimi pia nawaambia waende kazini. Lakini wapo wenye kipaji, na nchi hii ina ligi ya taifa chini ya Chama cha Pool cha Uganda, PAU, yenye klabu, ratiba na wachezaji wa kike na wa kiume. Kijana akipelekwa klabu, akaandikishwa, akawa na siku za mazoezi na nahodha wa kumwuliza alikuwa wapi, yule si sawa na anayengoja mtu wa kumla pesa kwenye baa.

Mwalimu wa Mbale

Asante kwa kutueleza hilo, mzee. Nimekuelewa.

Mama Jinja

Baba, nimesoma mpaka hapo machozi yamenilenga. Mimi nina miaka 41, nilianza mwaka jana. Nina matatizo mawili. La kwanza ni macho. Nikiinama na miwani yangu naona ukingo wa fremu badala ya mpira. La pili, wanaume pale ninapocheza kila mmoja anataka kunishika mkono anifundishe. Nifanyeje?

Karani wa Mpakani

Mwanangu, la miwani nalijua kwa mateso yangu. Unapoinama juu ya fimbo, macho yanatazama kupitia sehemu ya juu kabisa ya kioo, tena kwa mshazari. Ukivaa zile za sehemu mbili, za kusomea chini na za mbali juu, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Nenda kwa fundi miwani ukiwa na fremu kubwa yenye kioo kirefu kwenda juu, mwombe akuwekee lenzi za mbali tupu, na kituo cha lenzi kipandishwe. Mwonyeshe unavyoinama, hata pale kaunta. Wapenda snuka, mchezo wa ukoo mmoja na pool, wanamkumbuka Dennis Taylor wa Ireland Kaskazini, yule wa miwani mikubwa iliyokaa kama imegeuzwa juu chini. Ilitengenezwa kwa ajili ya tatizo hili hili. Mwaka 1985 alikuwa bingwa wa dunia akiivaa, akimshinda Steve Davis 18 kwa 17, ubingwa ukaamuliwa na mpira mweusi wa mwisho wa mchezo wa mwisho. Yangu haifanani na yake, ni fremu ya mtumba niliyoipata soko la Tororo, lakini tangu niivae mipigo iliyonyooka ilipanda kutoka ishirini na kitu hadi thelathini na kitu.

La wanaume, waambie wazi: "Asante, nina mwalimu." Na nenda asubuhi.

Sasa niseme jambo kuhusu binti yangu, maana umenikumbusha. Machi 2020 baa zilifungwa kwa sababu ya korona, na zilikaa hivyo hadi Januari 2022. Karibu miaka miwili meza nchi nzima zilifunikwa kwa maturubai. Mwenye baa jirani yangu aliogopa mvua itaharibu meza, paa lake lilikuwa linavuja. Mwenye meza akakubali ihamishiwe kwenye ghala langu. Wanaume sita tuliibeba, maana chini ya kitambaa kuna bamba la jiwe, na nilisaidia kwa sauti kuliko kwa mgongo. Sakafu haikuwa sawa, tukaweka vipande vya mbao chini ya miguu miwili, tukapima kwa maji kwenye sahani.

Binti yule yule wa sare sasa ni mwalimu. Shule nazo zilifungwa, mshahara ukakatika, akarudi nyumbani na mwanawe. Wiki za mwanzo alikaa chumbani. Asubuhi moja alinikuta ghalani na chupa yangu ya soda, akasimama mlangoni muda mrefu, halafu akauliza ile sarafu ni ya nini.

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Kafyu ikianza jioni tulifunga mlango tukacheza kwa taa ya sola. Hakuwa na haraka kama mimi wa zamani, kwa sababu hakuna aliyekuwa pale wa kumshangilia. Miezi kumi baadaye alianza kunifunga. Usiku mmoja nilimwomba msamaha kwa yale ya 2003. Alikuwa ameinamia fimbo, tayari kupiga. Alipiga kwanza, mpira ukaingia, nyeupe ikasimama alipotaka, ndipo akanyanyuka akasema alijua tangu wakati ule, mama yake alimwambia. Akaendelea kucheza.

Boda wa Arua

Mzee, umenimaliza kabisa. Swali la mwisho: meza ya kwetu imeinama upande wa dirisha, na ncha ya fimbo imekuwa ngumu, inateleza. Nabadilisha nini kwanza?

Karani wa Mpakani

Ncha kwanza. Ile ngozi ndogo ndiyo kila kitu. Zamani fimbo zilikuwa mbao tupu, na anayesifiwa kwa kuziwekea ngozi ni Mfaransa François Mingaud, mwanzoni mwa karne ya 19, aliyekuwa mfungwa Paris na kutumia kifungo chake kujifunza biliadi. Bila ngozi usingeweza kuikata nyeupe pembeni wala kuirudisha, ingeteleza tu. Kwa hiyo ikwangue kwa msasa mpaka iwe na mviringo kama ukingo wa sarafu na uso wenye kukwaruza, ndipo chaki ishike. Na chaki ipake kwa kuisugua kidogo kila mpigo. Usiizungushe kama unachimba kisima.

Meza iliyoinama usiikimbie. Kila asubuhi piga nyeupe peke yake, taratibu, hadi ukingo wa mbali na irudi, mara kumi, ukitazama inavutwa wapi inapokaribia kusimama. Mwinamo unaonekana mwishoni, mpira ukiwa umechoka. Ukiijua, meza ile ni yako, na mgeni atakayekuja hapo atapata taabu.

Mama Jinja

Baba, nimerudi. Leo nimeenda saa moja asubuhi, nimeziba mashimo kwa soksi za watoto. Chupa mara mia, nimeigusa mara nyingi sana sikuhesabu. Mipigo iliyonyooka 50, nyeupe imesimama mara 17. Naona ni aibu kuandika.

Karani wa Mpakani

Nimefungua daftari la ghalani. Ukurasa wa kwanza wa binti yangu umeandikwa 9 Juni 2020, mwandiko wake: 14.

Kesho sogeza mpira karibu zaidi, robo ya meza badala ya nusu, na usihesabu yaliyoingia shimoni, hesabu nyeupe iliyosimama tu. Niletee idadi.